Namba yangu ukutani

Kosa langu lilianzia kwenye kopo la rangi nyekundu. Niliandika ukutani, upande wa barabarani, "NYUMBA INAUZWA", na chini yake namba yangu ya simu, ile ile ya kupokelea hela za kikoba. Tabata nzima ikawa nayo.

Hadi jioni walishanipigia madalali kumi na mmoja. "Dada, mteja yupo, ana keshi." Mteja mwenyewe humwoni. Mmoja alileta watu watatu saa mbili usiku, mimi nasonga ugali, mama kajifunga khanga sebuleni. Wakapita mpaka chooni, wakavuta maji kuona kama yanatoka. Baadaye nikajua kila mmoja alishatozwa elfu kumi ya kuja kuona nyumba. Yaani kwangu kumekuwa na kiingilio!

Nikapaka chokaa juu ya namba. Nikanunua laini nyingine, ya nyumba tu, magharibi naizima. Nikabaki na dalali mmoja, tukaandikishana serikali ya mtaa: kuona ni Jumamosi, saa nne hadi saa nane, na kaka yangu awepo. Anayetaka kuhakiki hati nampa namba ya kiwanja akaulize ardhi. Kumtumia mtu picha ya hati WhatsApp, sitaki, hata aniite mchawi.

Juzi kaja mzee mmoja, kavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Bei hakuuliza. Aliuliza ule mwembe wa uani unazaa mwezi gani. Mama akamletea maji.