Pendulamu moja, pembe mbili

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa fizikia huingia maabara akijua jibu: g (mchapuko wa kitu kinachoanguka, mita kwa sekunde mraba) ni 9.8. Akipata 9.3 anapika data, na hapo amejifunza kutii kitabu tu. Kushika vifaa peke yake hakumfundishi mtu kuhoji. Anajifunza pale anapolazimika kulinganisha vipimo, kuviboresha, kisha kuamua mwenyewe.

Holmes, Wieman na Bonn walilionyesha hilo mwaka 2015, katika utafiti uliofanyika Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada. Wanafunzi walipima muda wa mbembeo mmoja (kwenda na kurudi) wa pendulamu kwa pembe ya nyuzi 10, kisha kwa nyuzi 20. Kitabu husema muda haubadiliki.

Maabara yoyote inaliweza zoezi hili. Ning'iniza gololi ya chuma kwa uzi usiovutika, mita 1 hadi katikati ya gololi (wengi huishia kwenye fundo). Iachie bila kuisukuma. Bonyeza stopwochi inapopita chini kabisa, kwa sababu huko pembeni inakaribia kusimama na jicho halioni imegeuka lini. Ukipima mbembeo mmoja tu, kidole kinaweza kukosea sekunde 0.1 au zaidi, ilhali tofauti inayotafutwa ni sekunde 0.012 katika sekunde 2. Basi pima mibembeo 20 kwa mkupuo, gawanya kwa 20, rudia mara 10. Usiende hadi mibembeo 100: hewa itakuwa imeshapunguza pembe.

Sasa chukua tofauti ya wastani mbili, uigawanye kwa shaka (kiasi ambacho huenda vimekosea) ya vipimo vyote viwili kwa pamoja. Jibu likiwa chini ya 1, usiandike "ni sawa". Huenda vipimo vyako havijawa makini vya kutosha, rudi mezani. Likizidi 3, huenda tofauti ni ya kweli, na ni lazima itafutiwe sababu. Hapa sababu ni kwamba fomula ya kitabu ni ya pembe ndogo sana: kwa nyuzi 10 muda huongezeka asilimia 0.19, kwa nyuzi 20 asilimia 0.77.

Katika utafiti ule, waliofundishwa hivyo walikuwa na uwezekano mara 12 zaidi ya wenzao wasiofundishwa hivyo wa kupendekeza au kufanya maboresho ya mbinu, hata baada ya kuacha kuelekezwa.

Wahadhiri, tafadhali msitoe alama kwa kukaribia 9.8. Tengeni nusu ya kipindi kwa ajili ya kupima upya, na alama ziende kwa alichofanya mwanafunzi namba zilipokataa kukubaliana.