Siku yangu ndani ya mbavu za dinosau

Saa 12 asubuhi niko kiwanjani hapa Malindi, nayamwagia maji magunia yaliyofunika miguu ya dinosau wa saruji ninayemjenga watoto wamchezee. Saruji ikikaushwa haraka na upepo wa kusi hupasuka. Wapita njia huniita fundi wa midoli, na jina hilo linaniuma.

Mnyama huyu nimemchagua mimi. Mteja alitaka yule wa meno makali wa Marekani. Nikamshawishi tujenge Giraffatitan, mla majani, ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kuanzia 1909 ikapelekwa Berlin. Huko kimo cha kiunzi chake kinapita mita 13. Wangu ana mita 4, na mkia ndio mtelezo.

Saa 2 mpaka saa 4 ni kufunga wavu wa kuku juu ya nondo, na kupima kila pengo la mbavu. Pengo la kati ya sentimita 9 na 23 silikubali: mwili wa mtoto unaweza kupita, kichwa kikakwama.

Saa 4 na nusu likaja lori. Niliagiza mchanga wa mto Sabaki, lakini dereva alikuwa ameshamwaga mchanga mweupe, laini. Nikatia chembe ulimini. Chumvi. Nikauma, kipande cha kombe kikalia menoni.

"Huu wa ufuoni, bwana."

"Mchanga ni mchanga, fundi."

Nikampigia mteja nikidhani atanitetea. "Changanya tu, ndani hakuonekani. Jumamosi watoto wana sherehe." Neno hilo lilinichoma. Chumvi hula nondo, kutu ikavimba, ikaisukuma saruji mpaka ikamenyuka, na chini ya shingo ile kuna watoto. Nikamweleza mara mbili. Akasema mafundi wengine hawana maneno mengi. Nikamwambia basi awaite hao, mimi mwiko sishiki. Akakata simu.

Dereva naye akakataa kuuondoa mpaka alipwe mafuta. Nikatoa pesa zangu. Kuupakia tukaupakia mimi na kijana wangu, sepetu kwa sepetu, jua la utosini, viganja vimechanwa na waya na jasho linaingia humo humo. Adhuhuri ilipita, sijui saa ngapi tulimaliza.

Mchanga wa mto ulifika jua limeshalegea. Nikauonja tena. Tukapiga plasta ubavu mmoja tu, nikachora magamba kwa ncha ya kijiko kabla haijashika.

Usiku mteja akatuma ujumbe: "Jumamosi iko palepale?" Nikamjibu ubavu wa leo utamwagiwa maji siku 7. Nikafunika magunia, nikaenda nyumbani.