Kidole cha Mama Juu ya Ramani

Juzi dada wa ghorofa ya chini alinigongea mlango, fomu ya maombi ya shule mkononi. Mwanawe anaingia darasa la sita, naye alitaka nimweleze tofauti ya shule ya mtaa na shule ya magneti, ile yenye programu maalumu inayopokea watoto wa jiji zima kwa maombi. Katikati ya maelezo nikakumbuka kile kikao cha mwaka 2022 kuhusu mpango mpya wa kuwapangia watoto shule, hapahapa Louisville, Marekani, nilikokuwa mkalimani wa wazazi wetu kutoka Uvira na Fizi, Kongo.

Tangu mwaka 1975, mahakama ilipoamuru watoto weusi na weupe wachanganywe kwa mabasi, mzigo wa safari ndefu ulikuwa umewaelemea zaidi watoto wa West End, mitaa ya magharibi wanakokaa weusi wengi. Sasa ilipendekezwa familia za huko ziweze kuchagua kati ya shule ya karibu na ile ya mbali. Lakini ukumbini walikuwepo waliosema: msiguse mipaka ya maeneo ya shule, ongezeni magneti za sayansi, sanaa na lugha, watoto watachanganyika kwa hiari.

Njia zote mbili, ya mipaka na ya programu maalumu, zimetajwa kwenye kesi iliyotoka mji huuhuu. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikataa mpango uliompangia mtoto mmojammoja shule kwa kuangalia rangi yake. Jaji Anthony Kennedy, ambaye kura yake ndiyo iliyoamua, aliandika pia yanayoruhusiwa: kuchagua mahali pa kujenga shule, kuchora mipaka ukijua nani anakaa wapi, kutenga fedha kwa programu maalumu.

Ramani ilitandazwa mezani. Jiji lilikuwa limekatwa vipande vidogo, kila kipande na idadi ya wanafunzi wake. Afisa alieleza taratibu, nami nikatafsiri. Tuseme shule imejengwa kwa wanafunzi 900, nayo ina 1,050. Unatafuta kipande chenye watoto kama 150 unakihamishia shule jirani yenye nafasi. Hapo maswali ndipo yanapoanza. Walio ndani watamalizia palepale? Wadogo zao je? Aliyekuwa anatembea kwa miguu ataanza kuvuka barabara kuu? Ukiwaruhusu wote wamalizie, msongamano hautapungua mwaka huo. Utapungua darasa moja kila mwaka, na shule ya kati ina madarasa matatu.

Mama mmoja aliyekaa kimya tangu mwanzo akaweka kidole juu ya kipande cha kwao, akakivuta taratibu kufuata barabara hadi kwenye shule iliyopendekezwa kupewa magneti. Akaniuliza kwa Kiswahili cha kwetu, akiniita mkubwa wake: "Yaya, hii shule ni yetu. Wakileta magneti, watoto wetu watakaa wapi? Na wa mbali, bisi itawakamata wapi?"

Nilitafsiri. Afisa aliitazama ramani kwa muda mrefu, kisha akasema mabasi bado hayajapangwa.

Mama yule alikuwa ameona kitu ambacho saa nzima ya mabishano ilikipita. Ukiweka viti 200 vya magneti ndani ya shule iliyokwisha kujaa, lazima viti hivyo vitoke kwa mtu. Eneo la shule litapunguzwa tu, hata kama hakuna aliyepiga kura ya kubadili mipaka. Magneti huongeza nafasi pale inapowekwa kwenye jengo lenye vyumba vitupu, au jengo jipya.

Na mabasi je? Basi la shule ya mtaa hujaa ndani ya mitaa michache. La magneti huokota mmoja hapa, wawili kule, jiji zima. Dereva mmoja akikosekana, njia hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Tena kuna fomu: dirisha la maombi hufungwa miezi mingi kabla ya shule kufunguliwa Agosti. Familia iliyotua Machi kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, iliambiwa viti vimekwisha. Shule ya mtaa haiwezi kumwambia hivyo mtoto wa eneo lake.

Mpango wa kuchagua ulipitishwa Juni 2022. Mwaka 2024, kwa uhaba wa madereva, mabasi yaliondolewa kwa wanafunzi wengi wa magneti, na mzazi asiye na gari akabaki na barua ya kukubaliwa isiyomfikisha mtoto popote.

Sizipingi magneti. Nimeona watoto wetu wakichanua huko, na sitaki mtu awafungie mlango. Ningekuwa na kura, ningeanza na mipaka, halafu kila kiti cha magneti kiingizwe kwenye bajeti pamoja na kiti chake cha basi. Lakini madereva hao watatoka wapi, hilo hata mimi sina jibu lake, na dada wa ghorofa ya chini hana gari.