Seli za oksijeni "zilizokufa" njiani kuja Mbeya

Kazi yangu ni redio, inveta na simu, hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mashine za kupumulia chini ya maji sikuwahi kuzigusa mpaka mzamiaji mmoja wa Tanga alipopita Mbeya akielekea Matema kupiga picha mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa. Aliweka sanduku gumu juu ya kaunta akasema, "Fundi, seli zangu zote tatu zimekufa njiani. Nitafutie nyingine."

Seli za aina hiyo ukizitafuta Mbeya utazeeka. Nikamwomba kwanza tupime hizo alizonazo.

Sandukuni mlikuwa na ribridha. Kwa asiyeijua: ni mtambo unaomwezesha mzamiaji kuivuta tena pumzi aliyoitoa. Hewa haitoki kama mapovu. Inapita kwenye chokaa maalumu inayonyonya hewa ukaa, halafu kompyuta inafungua vali ya umeme na kuongeza oksijeni kila inapopungua. Kiasi cha oksijeni kompyuta inakijua kupitia seli tatu tu, kila moja ndogo kuliko kifuniko cha chupa ya chai. Ndani mna madini ya risasi na maji ya potasiamu haidroksaidi. Oksijeni ikipenya, seli inatoa umeme wa milivolti chache. Risasi ikiisha nguvu, na seli imekwisha. Kwa kawaida ni mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, hata ukiiweka kabatini bila kuitumia. Zimewekwa tatu ili moja ikidanganya, mbili zinazokubaliana ziishinde kwa kura.

Na hapa hakuna mzaha. Mgandamizo wa oksijeni ukishuka chini ya bari 0.16 (bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wote wa hewa ya pwani) mtu anazimika bila hata kuhisi vibaya. Ukizidi 1.6 anaweza kupata degedege, na degedege ndani ya maji ni kuzama. Ndiyo maana nilimwambia mapema: kompyuta yenyewe, ile iliyofungwa kiwandani, siifungui. Nitapima, nitasafisha, nitabadilisha nyaya. Basi.

Kwa bahati jamaa ni mtu wa daftari. Tanga, kwenye hewa ya kawaida, seli zake zilisoma milivolti 10.4, 10.9 na 10.3. Mezani kwangu mita ikatoa 8.5, 8.9, na ya tatu ikawa inarukaruka kati ya 6 na 8. Kwa mtu wa pwani 8.5 inaonekana kama seli iliyochoka. Lakini seli haipimi asilimia ya oksijeni, inapima mgandamizo wake. Hewa ya Mbeya ina asilimia 21 ileile ya Tanga, ila mji huu uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa yenyewe ni nyepesi. Simu yangu ina kipima mgandamizo. Ilionyesha milibari 829, wakati pwani ni kama 1,013. Chukua 10.4, zidisha kwa 829, gawanya kwa 1,013: unapata 8.5. Seli ya pili vivyo hivyo, 8.9. Hazikufa. Zilipanda mlima tu.

Usichukue namba ya mgandamizo kutoka kwenye taarifa za uwanja wa ndege au programu ya hali ya hewa bila kujua ni ipi. Mara nyingi hiyo imekwisha kurekebishwa kana kwamba uko usawa wa bahari, kwa hiyo hata Mbeya utaambiwa elfu moja na kitu. Unachotaka ni mgandamizo halisi wa pale uliposimama.

Ile ya tatu ilikuwa na shida ya kweli, ila si ya seli. Niliitoa kwenye kichwa cha mtambo, yaani sehemu inayoshika seli, nikagusa miguu yake moja kwa moja kwa ncha za mita: 8.4, imetulia kabisa. Nikairudisha kwenye waya wake, nikausogeza waya kwa kidole, namba ikaanza kucheza. Ukitazama kwa lenzi, pini moja ilikuwa na ukungu wa kijani, na waya ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi chini ya plastiki. Unyevu wa pumzi umechanganyika na chumvi ya bahari. Waya wa akiba alikuwa nao sandukuni, nikaubadilisha wote. Pini za upande wa kichwa nilizisafisha kwa mswaki laini na alkoholi ya aisopropili. Msasa hapana, kwa sababu zimepakwa dhahabu nyembamba na ukiikwangua umeita kutu. Na yale mafuta ya kupuliza ya kulainisha nati, ambayo kila fundi anayo, niliyaweka mbali kabisa. Mafuta kama hayo yakikutana na oksijeni yenye mgandamizo mkubwa yanaweza kuwaka. Oringi, zile pete za mpira za kuziba, zilipata grisi maalumu ya oksijeni, kidogo tu, kutoka kwenye kopo lake.

Betri nilizipima zikiwa na mzigo. Zile za litiamu za volti 3.6 zinasoma 3.6 karibu mpaka siku ya kufa kwake, hivyo mita peke yake itakufariji bure.

Kikabaki kipimo cha oksijeni safi. Hewa ina asilimia 20.95 ya oksijeni, kwa hiyo seli nzima ikiingia kwenye oksijeni tupu inapaswa kupanda mara 4.77. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba uwiano haujali uko mlimani au pwani. Jamaa alipendekeza tutumie mashine ya kuchuja oksijeni, zile za kuwekwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Nikakataa, maana mashine hizo hutoa kama asilimia 93, na ukiiambia kompyuta kwamba hiyo ni oksijeni tupu, itasoma juu kuliko ukweli kila siku utakayozamia. Tulitumia mtungi wake mwenyewe. Seli zikatoa 40.4, 42.3 na 39.9. Zote ziko sawa, na ya pili ndiyo iliyoongoza.

Alitaka kuisawazisha kompyuta palepale dukani, yaani kuiambia upya oksijeni tupu ni milivolti ngapi, nikamzuia. Kompyuta yake ni ya zamani kidogo, mgandamizo unaingizwa kwa mkono, na ulikuwa bado ni wa Tanga. Angebonyeza tu "sawa", mashine ingeamini oksijeni tupu ya Mbeya ni bari 1.01 wakati ni 0.83. Chini ya maji ingeonyesha 1.3 huku yeye anavuta 1.07, naitrojeni inaingia mwilini zaidi kuliko inavyohesabiwa, na muda wa kupanda ungekuwa wa uongo.

Lakini hata hicho kipimo changu kilikuwa na pengo. Seli iliyochoka inaweza kusoma vizuri chini na kugoma juu: inafika kiwango fulani, haipandi tena. Mbeya oksijeni tupu inakupa 0.83 tu, wakati mzamiaji anataka kujua kama seli itafika 1.3 na zaidi. Kutengeneza chombo cha kushindilia oksijeni dukani sikuwa tayari. Nikamwambia kipimo cha mwisho ni ziwani, na nikaamua kwenda naye.

Niliacha seli ya kwanza imeunganishwa na mita mapajani. Kutoka Uyole barabara inapanda kwanza, na pale Isyonje, zaidi ya mita 2,000, namba ilishuka hadi karibu 8. Halafu Tukuyu, mvua kama kawaida yake, ikaanza kupanda. Matema ilisoma 9.8, milibari 957. Jamaa aliyekuwa bado ananitilia shaka akacheka, "Kweli fundi, zinafufuka!"

Tulisawazisha pale ufukweni, tukabadilisha na mpangilio wa maji kutoka chumvi kwenda baridi. Akazama mita 6, akasafisha njia yote ya pumzi ya mtambo kwa oksijeni tupu. Kwa mgandamizo wa Matema na uzito wa maji baridi, hesabu inatoa kama bari 1.54. Alirudi na kibao chake cha penseli: 1.53, 1.31, 1.52.

Ile ya pili. Ile iliyoongoza Mbeya. Akatazama tarehe iliyoandikwa ubavuni, ndiyo ilikuwa kongwe kuliko zote. Kuna wazamiaji wangeingia hivyohivyo, mbili dhidi ya moja. Yeye alifunga mtambo, akaweka seli pekee ya akiba aliyokuwa nayo, tukasawazisha upya, na kipimo cha mita 6 kikarudiwa kabla ya kwenda kwa mbuna wake.

Alipomaliza siku zake alitaka turudi Mbeya jioni ileile. Nikamkumbusha Isyonje. Aliyezamia mara kadhaa hushauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na mlima wa zaidi ya mita 2,000 mwili hauutofautishi na ndege. Alilala Matema, kichwa cha mtambo kikiwa wazi kivulini kikauke. Mimi sikuwa nimezamia, nikapanda Noah ya kwanza. Kuna inveta ya mtu wa Uyole ilikuwa inanisubiri.