Nilivyopima mfupa kwenye mashine ya zege

Kijiti cha mfupa wa ng'ombe chenye upana wa mm 4 na unene wa mm 2, kikilazwa juu ya rola mbili zilizoachana mm 40 na kukandamizwa katikati, huvunjika kwa nguvu ya nyutoni 50 hivi. Mashine niliyokuwa nayo ilifungwa kipima nguvu cha kilonyutoni 100, kwa ajili ya mihimili ya zege. Kwa mzigo mdogo namna hiyo, namba zake ni za kubahatisha tu. Nilikibadilisha kwa cha nyutoni 500.

Vijiti nilivikata katikati ya mfupa wa paja, ambako ukuta ni mnene, kwa msumeno wa almasi wa mwendo mdogo, maji yakimwagika muda wote. Kabla ya kukata, chora mstari kufuata urefu wa mfupa. Kipande kikishatoka huwezi tena kuujua uelekeo kwa macho. Kisha sugua kwa msasa namba 600, halafu 1200, ukiwa umeulowesha.

Unene ndio unaowaumbua wengi. Ukakamavu, yaani ukinzani wa mfupa dhidi ya kupinda, hupatikana kwa FL³/(4bh³d): F ni nguvu, L umbali kati ya rola, b upana, h unene, na d ni kiasi ambacho kijiti kimepinda katikati. Hapo h iko kwenye kipeo cha tatu: ukikosea mm 0.06 tu kwenye mm 2, jibu linapotoka kwa karibu asilimia 9. Napima kwa maikromita, sehemu tatu, nachukua wastani.

Adui wa pili ni ukavu. Zege likikauka juu, uso hunywea na kuvutika, hivyo mhimili huonekana dhaifu kwenye kupinda. Mfupa hufanya kinyume: hukakamaa, kisha hukatika ghafla bila kulegea kwanza. Vijiti vikae kwenye shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, vigandishwe kwa nyuzi −20, na viendelee kudondoshewa maji hayo hata vikiwa kwenye rola.

Kasi ya kukandamiza niliiacha mm 1 kwa dakika kwa vijiti vyote, maana mfupa ukiharakishwa hujifanya mgumu zaidi.

Mwanzo wa mchoro wa nguvu dhidi ya kupinda, pale rola zinapokaa sawa, usiuhesabu. Kabla ya mfupa, pima kijiti cha alumini cha vipimo vilevile; kisipotoa ukakamavu wa gigapaskali 70 hivi, kuna kitu kinacheza kwenye mashine. Alumini ikiwa sawa lakini mfupa mbichi ukatoa 10 badala ya 20 hivi, rudi kwenye ule mstari: huenda kijiti kimekatwa kwa kukingama.