Get: kitenzi kidogo, kazi nyingi

Kabla ya kutafsiri get, tazama kinachofuata. Likifuatwa na nomino, ni kupata au kupokea: get a letter. Likifuatwa na kivumishi, hali inabadilika: get tired ni kuchoka, get wet ni kulowa. Kwa mahali ni kufika: get to school, ila get home haitaki to.

Penye ndoa ndipo wengi wetu hukosea. Kwa kuwa tunasema kuolewa na mtu, tunaandika get married with. Sahihi ni get married to.

Ukimshawishi mtu afanye jambo, to ni lazima: get him to sign. Ukimlazimisha kwa make, to inaondoka kabisa: make him sign.