Kabla hujapaka, kwangua

Kwa ngozi inayowasha na kutoa magamba, tunachouliza kwanza ni mtu amepaka nini. Wengi hapa Dodoma huanzia duka la dawa na kutoka na tyubu ya mchanganyiko: dawa ya fangasi, antibayotiki, na steroidi kali kama betamethasoni au clobetasoli. Muwasho unatulia siku mbili tatu, kisha choa linatanuka. Steroidi imezima muwasho na magamba tu, fangasi wanaendelea kujineemesha, na ukingo unaowatambulisha umefifia.

Ukingo huo ndio wa kutazama. Choa lina duara, pembeni pameinuka na pana magamba, katikati panaanza kupona. Pumu ya ngozi haina mpaka wazi. Hukaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, na hushamiri Juni hadi Agosti, baridi na upepo mkavu vikikutana. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi usioambukiza, huota magamba mazito meupe viwikoni, magotini na kichwani. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu wa vitabuni, tafuta zambarau au kijivu. Upele wa kuambukiza (scabies) huwasha zaidi usiku, vipele vikiwa katikati ya vidole, na mara nyingi bweni zima linajikuna. Hapo losheni ya BBE (benzyl benzoate, dawa ya upele) wapakwe wote siku moja, la sivyo mtaambukizana upya.

Ukibaki na shaka, kituo chenye hadubini kinatosha. Futa kwa spiriti, kwangua magamba ya ukingoni kwa kisu butu. Weka kwenye slaidi, dondosha tone la potasiamu haidroksidi ya asilimia 10 hadi 20, funika, subiri dakika 10 hadi 20 iyeyushe seli za ngozi. Anza na lenzi ya 10, malizia na ya 40: nyuzi zenye matawi na vipingili ndio fangasi wenyewe. Ukiharakisha, kingo za seli ambazo hazijayeyuka zitakudanganya kuwa ni nyuzi. Na kama mgonjwa amepaka dawa ya fangasi juzi tu, majibu yanaweza kutoka safi wakati wadudu wapo. Mwache wiki mbili hivi bila kupaka, ndipo urudie.

Mapunye ya watoto hayasikii krimu, maana fangasi wako ndani ya unywele. Ni vidonge, kwa kawaida griseofulvini wiki 6 hadi 8, vikimezwa na chakula chenye mafuta.

Baka lililopauka lisilowasha kabisa, liguse kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Asipohisi, mpeleke kliniki ya kifua kikuu na ukoma. Dawa za ukoma ni bure.